Mkono wa Mama na Kipimajoto



Mtu wa mwambao huijua baridi kwa kusimuliwa. Tunaposema hapa Mombasa kwamba leo kuna baridi, aghalabu tunakusudia upepo wa kusi wa mwezi wa Julai, ule unaotufanya tutoe shuka ya pili kabatini na kuwakataza watoto kuoga usiku. Sisi nasi tulikuwa na elimu hiyo hiyo mpaka tulipopanda kwenda Olenguruone. Huko tukabaini kwamba tulikuwa tukilitaja joto maisha yetu yote bila ya kujua hasa ni kitu gani, na kwamba kutojua huko kunaweza kumdhuru mtoto mchanga.

Olenguruone ni mji mdogo wa Kaunti ya Nakuru, upande wa Kuresoi Kusini, ukingoni mwa msitu wa Mau. Anayetoka Nakuru hupita Njoro, Molo na Keringet, na muda mwingi gari huwa linapanda, mpaka masikio yanaziba. Mji umekaa juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 2,700. Ni nchi ya majani chai, viazi, pareto na maziwa; mahindi hupandwa, lakini hukawia shambani miezi mingi kwa sababu ya baridi. Wazee wa Kenya wanalikumbuka jina la mji huu kwa jambo jingine: mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwapeleka huko Wakikuyu iliowaondoa kwingineko, na kufikia 1950 ilikuwa imewafukuza tena. Hiyo ni habari ndefu yenye wenyewe, nasi hatukwenda kwa ajili yake.

Tulikwenda kwa ajili ya arubaini. Binti wa dada yetu mkubwa aliolewa na mwalimu aliyehamishiwa huko, na alipojifungua mtoto wake wa kwanza ilimlazimu mama yake aende kumwangalia, kama ilivyo ada yetu. Dada hakukubali kusafiri peke yake. Basi tukafuatana naye, wadogo zake wawili, na vikapu vyetu: nazi, mbaazi, hiliki, tangawizi, udi, na chupa ya mafuta ya nazi ya kumkandia mzazi.

Chupa hiyo ndiyo iliyotangulia kutupa habari. Tulipoifungua asubuhi ya kwanza, mafuta hayakutoka. Yalikuwa yameganda meupe kama samli, na Dada akaapa kwamba muuzaji wa sokoni amemchanganyia shahamu. Muuzaji hakuwa na kosa. Mafuta ya nazi huyeyuka yanapofika kama nyuzi 24 za Selsiasi, na chini ya hapo huganda. Kwetu ni nadra nyumba kupoa kiasi hicho, kwa hiyo tunayajua kuwa kitu cha majimaji. Kule chumba cha kulala hakikufika nyuzi 24 hata siku moja. Bila ya kukusudia, tulikuwa tumebeba kipimajoto chenye alama moja tu.

Baridi hiyo ina sababu yake, nayo si umbali kutoka kwenye jua, kwani mlima haulisogelei jua kwa kiasi cha kuhesabika. Jua hupasha ardhi, na ardhi ndiyo inayopasha hewa. Hewa hiyo inapopanda hukuta juu yake uzito mdogo zaidi wa hewa nyingine, ikatanuka, na katika kutanuka hupoa. Kwa wastani hupungua kama nyuzi sita na ushei kwa kila mita 1,000. Zidisha mara mbili na zaidi ya nusu, uone tofauti iliyopo baina ya Likoni na Olenguruone.

Siku ya pili Dada alibandika mbaazi. Alitaka mbaazi za nazi kwa mahamri, chakula cha asubuhi ambacho mjukuu wake hangeweza kukila bado, lakini alisema harufu yake itamfikia kwa maziwa. Zilichemka upesi kuliko alivyotarajia, naye akafurahi. Baada ya saa mbili zilikuwa ngumu kama kokoto. Akazidisha kuni, sufuria ikafurika na kuuzima moto, akauwasha tena. Adhuhuri ikaingia, ikapita. Alizilaumu mbaazi, kisha akazilaumu kuni za huko kuwa ni mbichi, kisha, Mungu amsamehe, akamlaumu mkwe wake kwa kukubali uhamisho.

Jirani, mama mmoja wa Kikalenjin anayeuza maziwa, alikuja kutupa hongera ya mtoto akaikuta sufuria ile. Akacheka kwa adabu. "Mama," akamwambia Dada, "hapa kwetu maji huchemka haraka lakini hayana moto. Kuni hazitakusaidia. Ngoja nikuletee sufuria yangu ya presha."

Sentensi ile ilitushangaza kuliko mbaazi zenyewe. Maji yanayochemka yasiwe na moto? Tangu utotoni tumeambiwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, na tumeichukua hesabu hiyo kama idadi ya siku za wiki. Mwalimu, mkwe wetu, ambaye kazi yake ni kufundisha sayansi na ambaye mpaka hapo alikuwa amenyamaza kwa heshima ya mkwewe, ndiye aliyetufafanulia.

Hewa ina uzito. Hatuusikii kwa sababu tumezaliwa ndani yake, lakini ufukoni hugandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa kama kilo moja. Maji yanapochemka, mapovu ya mvuke hutokea ndani yake, na kila povu lazima liusukume mgandamizo huo ndipo liweze kukua. Ufukoni povu hupata nguvu hiyo maji yanapofika nyuzi 100. Olenguruone hewa iliyobaki juu ya kichwa cha mtu ni chache. Mgandamizo wake haufiki robo tatu ya ule wa Mombasa. Povu lina mzigo mwepesi, basi hutokea mapema, maji yakiwa na karibu nyuzi 91 tu. Kanuni ya kukadiria ni rahisi: kila unapopanda mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka kwa uzi mmoja hivi.

Nyuzi tisa zinaweza kuonekana kuwa kitu kidogo. Kwa punje ya mbaazi si kidogo, kwa kuwa mabadiliko yanayolainisha nafaka na kunde hupungua mwendo sana kwa kila nyuzi chache zinazokosekana. Na hapa ndipo kuni za Dada zilipopotea bure. Maji yakishaanza kuchemka katika sufuria iliyo wazi, hayapandi tena hata ukiyawekea tanuri. Moto wote unaoongeza hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke: sufuria hukauka mapema, lakini mbaazi zinabaki katika nyuzi zile zile 91. Dawa yake ni kuufungia mvuke ndani ili uwe badala ya hewa iliyokosekana. Mfaransa Denis Papin alitengeneza sufuria ya namna hiyo mwaka 1679, na ile ya jirani yetu ni kitukuu chake. Ufukoni sufuria ya presha huweza kufikisha maji karibu nyuzi 120. Kule juu hupungua kidogo, lakini inatosha na kuzidi. Mbaazi ziliiva kabla ya Maghrib.

Tunawaomba akina mama watuvumilie kidogo hapa, maana yaliyofuata hayafahamiki bila ya kutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili chetu cha nyumbani huyaita kwa jina moja. Kuna joto, na kuna halijoto. Vitu vyote vimefanywa kwa chembechembe ndogo mno zisizotulia. Katika maji hupishana na kugongana, katika chuma hutikisika mahali pake. Halijoto ni kipimo cha jinsi zinavyokwenda kwa kasi, kila moja kwa wastani wake. Joto ni nguvu inayohama kutoka kitu chenye halijoto ya juu kwenda kitu chenye halijoto ya chini. Cheche inayoruka jikoni ina halijoto ya mamia ya nyuzi, lakini ikikuangukia mkononi huzimika bila ya kukudhuru, kwa sababu chembe zake ni chache na joto inaloweza kukupa ni dogo. Uji wa nyuzi 80 ukimwagikia mkono huohuo, tunakimbilia hospitali. Kipimajoto hakipimi wingi wa joto lililomo katika kitu. Hupima halijoto, yaani ni upande upi joto litaelekea vitu viwili vikigusana.

Na mkono je, hupima nini?

Swali hili waliliuliza wakubwa kabla yetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha al-Qanun alieleza kwamba katika viungo vyote ngozi ndiyo iliyo adili zaidi, na katika ngozi ni ya mkono, na katika mkono ni ya kiganja na vidole, mpaka akafika kwenye ncha ya kidole cha shahada. Hoja yake ilikuwa kwamba hakimu wa moto na baridi lazima mwenyewe awe katikati, asiwe na upande. Kabla yake al-Kindi, katika karne ya tisa, alijaribu kuzihesabu daraja za moto na baridi katika dawa zilizochanganywa, akiifuata njia iliyofunguliwa na tabibu Galen. Nasi tungali na masalia ya elimu hiyo majumbani: tunaposema tangawizi ni ya moto na maji ya madafu ni ya baridi, hatuzungumzii kipimajoto, tunazungumza lugha ya matabibu hao. Wao walikuwa na daraja, hawakuwa na chombo cha kuzisoma. Chombo chao kilikuwa kiganja.

Sharti la Ibn Sina ni kwamba hakimu awe katikati. Tulilikumbuka sharti hilo kwa kuchelewa.

Ilikuwa siku ya kumi na moja ya mtoto. Dada aliamka kabla ya alfajiri, akachukua udhu kwa maji ya pipa lililolala nje usiku kucha. Baada ya sala aliingia kwa mzazi, akamshika mtoto shavuni na kwenye paji, akashtuka. "Huyu ana moto! Mtoto ana homa." Kweli mtoto alikuwa amelala kwa uzito, hakulia wala hakutaka ziwa. Dada akaanza kumfungua nguo, akatuagiza beseni la maji na kitambaa ili tumkande. Hivyo ndivyo tulivyofanya Mombasa kwa watoto wetu wote, naye ndiye aliyetufundisha.

Binti akamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, tumpime kwanza."

"Mwanangu, mkono huu umelea watoto saba."

"Najua, Mama. Tumpime tu."

Alikuwa na kipimajoto kidogo cha kidijitali alichonunua dukani kabla ya kujifungua. Akakiweka kwapani mwa mtoto, akaubana mkono wake mdogo ubavuni, tukangoja. Kikalia. Tulikisoma sote watatu, mmoja baada ya mwingine, maana kila mmoja alidhani mwenzake hakuvaa miwani: nyuzi 35.2.

Mtoto hakuwa na homa. Alikuwa amepoa, na sisi tulikuwa tumeshika beseni la maji.

Ngozi haina namna ya kuisoma halijoto ya kitu kingine. Inachohisi ni halijoto yake yenyewe, na jinsi inavyobadilika joto linapoingia au kutoka. Mkono wa Dada ulikuwa umetoka kwenye maji ya barafu. Shavu la mtoto, pamoja na kupoa kwake, lilikuwa na moto kuushinda mkono ule, basi joto likatoka shavuni likaingia kiganjani, na kiganja kikatoa habari ya kweli kwamba hiki kina moto kuliko mimi. Dada aliisikia habari hiyo kama kwamba kiganja kimesema hiki kina moto kuliko inavyotakiwa. Huku pwani makosa hayo hutokea mara chache, kwa kuwa mikono yetu haipoi kiasi hicho. Mkono uliolea watoto saba ulikuwa kipimo kizuri mahali pake, kama mbaazi zilivyokuwa nzuri kwa sufuria yake.

Mwenye kutaka kuwaonyesha watoto jambo hili awawekee mabakuli matatu: moja la maji ya baridi, moja la maji ya moto ya kustahimilika, na la katikati la vuguvugu. Mtoto atie mkono mmoja katika baridi na wa pili katika moto, ahesabu mpaka sitini, kisha aitie yote miwili katika vuguvugu. Mkono mmoja utamwambia maji haya ni ya moto, wa pili utamwambia ni ya baridi.

Kipimajoto nacho kina udhaifu unaofanana na huo, ila kimepewa namba. Hakisomi kitu kingine, hujisoma chenyewe. Kile cha zamani kina zebaki ndani ya kioo, na zebaki ikipata moto hutanuka ikapanda; cha kidijitali kina kipande kidogo nchani ambacho umeme hupita ndani yake kwa wepesi au kwa uzito kulingana na moto wake. Kwa hali zote mbili ni lazima ncha ikae na mwili mpaka joto likome kuhama baina yao, ndipo halijoto ya ncha iwe ndiyo halijoto ya mwili. Anayekichomoa kabla ya mlio husoma nusu ya safari. Karl Wunderlich, tabibu wa Leipzig aliyechapisha mwaka 1868 vipimo vya wagonjwa maelfu kwa maelfu na kutuachia ile hesabu ya nyuzi 37, alitumia vipimajoto virefu vilivyohitaji kama dakika ishirini kwapani. Kile kifupi cha kutiwa mfukoni, kilichopunguza muda kuwa dakika tano, kilibuniwa na Mwingereza Clifford Allbutt katika miaka hiyo ya 1860. Ya zebaki sasa inaondolewa duniani kwa mkataba wa Minamata wa 2013, kwa sababu zebaki ni sumu. Aliyenacho nyumbani na kikavunjika, awaondoe watoto chumbani, afungue madirisha, wala asiifagie kwa ufagio. Na ile bastola ya kupiga paji la uso tuliyoizoea milangoni mwaka 2020 hupokea mnururisho wa ngozi tu. Paji lililotoka kwenye umande wa Mau litasomeka chini kuliko mwili ulivyo.

Namba zenyewe zilitafutiwa mahali pa kuegemea kwa taabu. Daniel Fahrenheit, aliyetengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714, aligundua kwamba maji hayachemki kwa halijoto moja siku zote bali hufuata mgandamizo wa hewa. Anders Celsius wa Sweden, alipopendekeza mgawanyo wake wa nyuzi 100 mwaka 1742, alilitia jambo hilo hesabuni. Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye aliandika 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda, na waliomfuata ndio walioigeuza. Siku hizi wataalamu hawategemei tena maji: tangu tarehe 20 Mei 2019 kipimo cha halijoto duniani kimefungamanishwa na nguvu ya mwendo wa chembe zenyewe.

Udhaifu huo wa maji, hata hivyo, uliwafaa wasafiri. Ikiwa maji huchemka mapema kadiri unavyopanda, basi mwenye kipimajoto na birika anaweza kujua yuko juu kiasi gani. Richard Burton na John Speke walipoondoka Unguja mwaka 1857 kwenda bara, na pamoja nao Sidi Mubarak Bombay, walipima urefu wa nchi kwa kuchemsha maji njiani. Speke alipochemsha maji yake kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1858 alipata kwamba ziwa liko juu kwa futi 1,800 na ushei. Kwa hakika ni zaidi ya futi 2,500. Kosa lote hilo, mita 200 na ziada, linatokana na kipimajoto kukosea kwa uzi usiotimia mmoja. Tuliposimuliwa hayo, Dada alisema kwamba yeye basi si wa kwanza kudanganywa na maji ya bara.

Turudi kwa mtoto, kwa maana wakati ule hatukuwa na nafasi ya habari za Speke. Binti alivua kanga ya juu, tukamweka mtoto kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, na kofia ya sufu kichwani, nepi kavu, na blanketi juu ya wote wawili. Mwalimu akakimbia kutafuta gari. Njiani tuliambiwa tusimwondoe mtoto pale kifuani, na katika kituo cha afya muuguzi aliyetupokea alisema hivyo hivyo: mama ndiye mashine bora aliyonayo. Alimpima mtoto sukari, akamchunguza asije akawa na maradhi, kwani mtoto mchanga huweza kupoa kwa baridi na huweza kupoa kwa ugonjwa, na kwa macho haitambulikani ipi ni ipi. Tulikaa pale mpaka baada ya Adhuhuri. Kipimo cha pili kilikuwa 35.9. Cha tatu 36.4, naye akaanza kulia na kutafuta ziwa, na kilio hicho tulikishukuru kuliko wimbo wowote. Cha mwisho kilikuwa 36.8. Alhamdulillahi.

Muuguzi hakumlaumu mtu. Alieleza tu kwamba kikombe cha chai hupoa kabla ya birika, na mtoto ni kikombe: mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni nyingi kwa uzito wake, na kichwa chake ni kikubwa na hakina nywele za kutosha. Usiku ule nepi ilikuwa imelowa na kofia ilikuwa imevuka. Basi.

Kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wetu wako wenye mabinti waliohamia bara, Limuru, Molo, Eldoret na kwingineko, tunayaweka hapa aliyotwambia. Kipimo cha kawaida cha mtoto mchanga kwapani ni baina ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chini ya 36.5 awekwe kifuani mwa mama yake na kufunikwa. Mtoto wa chini ya miezi miwili akishuka chini ya 35.5, au akifika 37.5 na zaidi, ni dalili ya hatari, na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, mchana au usiku, hata kama mkono unasema vingine. Asikandwe kwa maji kabla ya kupimwa. Maji ya kuogea yajaribiwe kwa kiwiko, ambacho hakichovywi katika baridi kila saa kama vidole. Na katika nchi za juu aogeshwe mchana, chumba kikiwa kimepashwa moto, akaushwe kichwa kwanza.

Tulimuuliza pia kuhusu maji ya kunywa, maana hofu ilikuwa imetuingia: ikiwa maji ya kule hayafiki 100, je, vijidudu vinakufa? Vinakufa. Maradhi mengi ya tumbo hayastahimili hata nyuzi 70 kwa dakika chache, na maziwa husafishwa viwandani kwa nyuzi 72 katika sekunde kumi na tano tu. Kwa tahadhari, walio juu ya mita 2,000 hushauriwa waache maji yachemke kwa nguvu dakika tatu badala ya moja. Vyombo vya upasuaji ni jambo jingine. Hivyo huhitaji mvuke wa nyuzi 121 uliofungiwa, kwa kanuni ile ile ya sufuria ya jirani.

Dada alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu tulimkuta amekaa karibu na dirisha, kipimajoto kwapani mwake mwenyewe, anangoja mlio. Akajipima baada ya udhu, akajipima baada ya chai, akampima mkwe wake aliporudi kutoka shuleni, naye hakuthubutu kukataa. Unga wa mahamri nao ulikuwa umekataa kuumuka kwa baridi, mpaka alipouviringisha katika blanketi na kuuweka kando ya jiko. Hamira haina haja ya mwalimu kujua kwamba nyumba imepoa. Tulikula mahamri na mbaazi za nazi kutoka sufuria ya presha, na jirani akaja na watoto wake watatu wakala nasi.

Arubaini ilipotimia tukateremka. Chupa ya mafuta ya nazi ilibaki na robo, na Dada hakukubali kuiacha. Tuliipandisha garini moshi Nairobi ikiwa bado nyeupe. Tulipofungua kikapu Miritini yalikuwa maji matupu, yanang'aa. Hatukuangalia njiani ni wapi yalipoanza kuyeyuka. Dada anasema ni Voi. Sisi tunasema ni kabla ya hapo, Mtito Andei, na mpaka leo hatujakubaliana.